Somo wa Nyanya

Mwezi uliopita nilijiaibisha katika maternite, wodi ya wazazi, ya Kasuku, mbele ya watu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikimngoja binti yangu amalize kunyonyesha, mara mama mmoja akapaza sauti uani: "Dolores! We Dolores, leta ndoo!" Nami, na mvi zangu hizi, nikasimama nikaitikia, "Abee!" Kitoto kikapita mbio na ndoo yake, benchi zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, ndugu yangu, kisha ikabidi nitoke nje maana machozi yalikuwa yananishuka. Jina hilo lilikuwa langu. Na siku nilipoliitikia kwa mara ya mwisho utotoni, damu ilimwagika.

Tulikaa kambi ya reli, karibu na kituo. Baba alitoka Kasai, Mkristo, fundi wa mabehewa, mikono yake ikinuka grisi hata siku ya sikukuu. Mama alikuwa mtu wa Tunda, na Nyanya, mama yake, alikuja kukaa nasi akiwa na mkeka wake wa kuswalia na mchi wake wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Asubuhi nilijua saa kwa sauti tu: kwanza honi ya treni, halafu mchi wa Nyanya kwenye kinu, halafu mafuta ya mawese yakilia kwenye sufuria. Samaki wa Lualaba walikaushwa juu ya moshi, na nguo zetu zote zilinuka samaki, tusijue kama ni harufu.

Kabla yangu mama alikuwa amezika watoto, mmoja baada ya mwingine, kabla hawajaota meno. Mimi nilipokelewa na mtawa mzalishaji, masere kama tulivyowaita, aliyetoka Hispania. Baba akanipa jina la masere huyo, Dolores. Nyanya alitaka kujua maana yake. Masere akamwambia kwamba kwao ni maumivu, wanampa mtoto wa kike jina hilo kwa heshima ya Mama wa Yesu. Nyanya, ambaye hakuwahi kukosa sala hata moja ya Kiislamu, akapiga makofi. "Njo vizuri! Kifo hakiwezi kupenda mutoto ya maumivu. Kumbe na wale Wazungu wanakiogopa kama sisi."

Shangazi mmoja alikuwa amependekeza niitwe Mwavita, jina la Nyanya mwenyewe. Wanasema Nyanya alimrukia na mwiko. Ukoo wao ulikuwa na mwiko wake pia: mtoto anayewindwa na kifo hapewi jina la mzee aliye hai. Jina moja haliwezi kuficha roho mbili. Kifo kinakuja, kinaita mara moja, kinaondoka na yule kitakayemkuta kwanza. Kwa hiyo nikawa Dolores, na kila alfajiri, baada ya kuswali, Nyanya aliniita kwa jina hilo kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi, ili kifo kisikie na kupita. Aliamini siku atakayoacha kuniita ndiyo siku nitakayokufa. Hakuna padri wala imamu aliyeweza kumtoa hapo.

Masere alituletea desturi za kwao kama mtu anavyoleta zawadi. Kwao unayeshirikiana naye jina unamwita "tocaya", nasi tukamwambia, eh, huyo ni somo! Siku ya kuzaliwa alinivuta masikio, kila mwaka mvuto mmoja, mpaka Nyanya akauliza kama Wazungu wanataka nigeuke sungura. Alitwambia kwamba kwao mtoto anabeba jina la ukoo wa baba na la mama pia, na mwanamke akiolewa haachi lake. Nyanya alilipenda hilo kuliko yote. "Sikia!" alimtupia baba maneno. "Kuna inchi iko na akili." Na sikukuu kubwa haikuwa ya kuzaliwa, ilikuwa ya jina. Ya kwetu iliangukia Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya Matawi, na masere aliteremka kutoka misioni na kopo la mikate ya kukaanga yenye sukari na maganda ya chungwa. Utamu ule sijaupata tena.

Halafu serikali ikasema majina ya Kizungu basi. Sote tulikuwa masitwayeni, yaani wananchi, na kila mmoja atafute jina la mababu. Mimi sina ugomvi na majina ya mababu. Ugomvi wangu ni fimbo. Vijana wa chama cha serikali walizunguka kambini wakisikiliza nani anamwitaje nani. Jirani yetu, dereva wa treni, mke wake alimwita kwa jina la ubatizo pale kwenye samaki, sokoni. Walimpiga yule mume mpaka taya likakaa upande, na mpaka anakufa alikunywa uji tu. Kiongozi wao alikuwa kijana wa mtaa wetu aliyetengeneza baiskeli zamani, sasa amevaa abakosti, koti la wakubwa lisilo na tai, na kushika mjeledi wa ngozi ya kiboko.

Mama alimpigia Nyanya magoti amwite mtoto polepole, ndani. Alikataa. "Kifo kiko inje. Nimuite ndani, nani atasikia?" Kila alfajiri mama aliziba masikio, na baba alisimama mlangoni akichungulia barabara.

Ijumaa yetu ikafika. Nyanya alikuwa akitwanga sombe uani, mimi nikichambua majani kando yake. Masere akaja, na furaha ikamsahaulisha kila kitu. Kwao sikukuu ya jina inatangazwa mlangoni. Akaanza kuita tangu barabarani, "Dolores! Tocaya!" akipunga kopo. Nami nikaruka nikaitikia kwa nguvu zangu zote, "Abee!"

Vijana walikuwa pembeni, wakiwapanga watu kwa ajili ya nyimbo za chama. Waliingia lupango letu, uani kwetu, wakimsukuma masere hadi akaanguka mtaroni, kopo likapasuka, mikate ikatawanyika na kuku wakaanza kuidonoa. "Ni nani ameitika ile jina?" kiongozi akauliza, na alikuwa akinitazama mimi.

Nyanya akainuka kwenye kinu. Alimtandika mchi begani, na mfupa ukalia, nilisikia. "Mimi njo nilikulisha mikate wakati mama yako alikuwa mugonjwa!" akapiga kelele. "Toka mu lupango yangu!" Loo, wewe! Nilimpenda saa ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, na nilijua watamuua.

Walimwangusha. Walimpiga kwa mateke, kiongozi akamchapa kwa mkono uliobaki mzima, kanga ikachanika mgongoni. Damu ikaingia kwenye sombe. Mama alishikwa na wawili, akilia. "Taja jina ya mutoto," kiongozi akasema. "Dolores," akasema Nyanya. Mjeledi. "Taja jina." "Dolores." Mjeledi. Wanawake wa kambi walijaa uzioni. Masere alikuwa mtaroni amepiga magoti, akipaza sauti kwa lugha ya kwao, na kijana mmoja amemkanyaga kanzu.

Kiongozi akachoka na Nyanya. Akanikamata mkono, akanigeuza mgongo, nikasikia mjeledi ukipanda juu.

"Mwavita!" Nyanya akasema kutoka chini. "Acha. Anaitwa Mwavita."

"Mwavita njo wewe, muzee."

"Njo mimi na njo yeye. Ni somo yangu kuanzia leo."

Wanawake wakapiga ukunga kama wamefiwa. Wote walijua mwiko ule. Kiongozi naye alijua, mama yake alikuwa mtu wa Tunda vilevile. Mkono ukamshuka, akaniachia, akaondoka na watu wake bila kumwangalia mtu.

Jioni ile Nyanya alihamisha mkeka wake kutoka chumba cha nyuma, akautandika kwenye kizingiti cha mlango. Mama alilia, akamwambia kuna baridi. "Kikikuja kuuliza Mwavita," akasema, "kinikute mimi wa kwanza." Hakuniita Dolores tena. Aliniita Somo, na mimi nikamwita Somo, kwa sababu masomo hawatajani majina. Masere alirudishwa kwao. Alipokuja kuaga alinivuta masikio taratibu. Nyanya alianza kukojoa damu. Mvua za mwaka ule zilipokuwa zinakatika nilishikwa na homa, nikaweweseka, na asubuhi nilipoamka mzima nikiomba uji, tulimkuta pale mlangoni, amekwisha kupoa.

Sasa honi ya treni inasikika mara moja moja, ikisikika. Mahali pa lupango letu watu wanaegesha pikipiki. Majina ya Kizungu yamerudi zamani, mama anamwita mwanawe Dolores kwa sauti ya kutosha kuvuka Lualaba, na hakuna anayegeuka ila mimi mwehu. Nashukuru kwa hilo, wallahi nashukuru.

Binti yangu naye amezika wawili. Huyu wa sasa, wa maternite, alizaliwa mdogo, na wiki ya pili akaanza homa. Wanawake wakaniuliza mimi mkubwa jina la mtoto. Nikawaambia: Mwavita. Wakapiga vigelegele, wakasema jina zuri, langu mimi nyanya yake. Nilitega sikio, ndugu yangu. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyepiga ukunga.

Homa imeshuka. Jana binti yangu aliniuliza kwa nini nimeacha kitanda na kulala mlangoni, kwenye upepo. Nikamwambia ndani kuna joto.