Siku ya Kuiarosa Kompyuta

Kwetu Bujumbura kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu. Lazima ndugu waje kukiarosa, yaani wakinywee bia na Fanta, na kukidondoshea tone, ili kidumu. Kwa hiyo niliponunua ile kompyuta ya bei kali, inayohifadhi kila kitu kwenye mtandao, sebule yangu mtaani Musaga ilijaa jioni ileile.

Baba mdogo, aliyetoka mtaa wa Gihosha, alikataa kufungua chupa.

"Apana, kwanza tuone kazi. Kila siku unasema unaandika programu, na hatujaona hata moja."

Nikaiwasha. Kioo kiling'aa, watu wakashangilia, na hapohapo mtandao ukakatika. Nikajaribu data ya simu, haikuvuta. Ndani ya mashine hamkuwa na faili langu hata moja, na mimi, mtu wa kompyuta, sikuwa nimeweka nakala humo. Hakuna aliyekunywa.

"Hiyo kazi iko wapi?" baba mdogo akauliza.

"Kwenye seva, baba. Iko salama."

"Kwa nani?"

Nilitamani wote waende kwao.

Mke wangu akaingia chumbani, akarudi na kompyuta yangu ya zamani, kifuniko kimeshikizwa kwa utepe. Programu yangu ilikuwa bado imo humo, ikafunguka mara moja bila mtandao. Baba mdogo akabonyeza mwenyewe, ikamjibu, akacheka.

Ndipo akafungua bia. Akaipita ile mpya, na kabla sijamzuia, akadondosha tone juu ya kifuniko cha ile ya zamani.