Karatasi Zilizoanikwa Kama Samaki

Sisi tuliokulia Kabuta, kando ya Ziwa Mweru upande wa Zambia, miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Harufu ilitosha. Chisense, visamaki vidogo vya Mweru, vilianikwa kila penye jua, na minyororo ya baiskeli zilizopeleka samaki bara ililia barabarani tangu alfajiri. Tulikula ubwali, yaani ugali wa muhogo, kisha tukacheza chiyato mbele ya nyumba, tukirusha kijiwe na kukidaka mpaka vidole vikachubuka. Mtoto wa leo ukimpa kijiwe atakuuliza kinachajiwa wapi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na harufu nyingine pia: masizi ya taa yaliyokorogwa katika uji mwembamba wa muhogo. Huo ulikuwa wino wa Tantine Mwadi; tantine kwao ni shangazi. Alivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita, akafikia kwetu, na mzigo wake mzito kuliko yote ulikuwa mbao mbili za kuchapia picha, zimefungwa ndani ya kitenge. Mama alikuwa Mbemba. Kiswahili alikiokota sokoni kwa wachuuzi wa samaki. Kwa Kiswahili hicho hicho cha kuuliza bei, yeye na Tantine wakawa ndugu. Kila Krismasi walichapa picha, na kila nyumba ya akina mama wa kanisa ilipata moja.

Picha yenyewe ilikuwa mwanamke aliyesimama ufukweni na mtoto mgongoni. Ubao wa kwanza ulitoa mistari myeusi. Wa pili ulitoa kitenge chekundu cha kumbebea mtoto, kwa rangi ya nkula, unga mwekundu wa mti. Ugumu, ndugu msomaji, ni kuzikutanisha rangi hizo mbili. Njia yao ilikuwa rahisi ukishaielewa. Kila ubao ulichongwa alama mbili ukingoni: moja ya kona, nyingine ya kulaza upande ulionyooka. Mama alishika kona ya karatasi, Tantine akashika upande wa pili.

"BanaChola, kona iko?" Tantine aliuliza. BanaChola ni mama wa Chola, na Chola ni mimi, mzaliwa wa kwanza.

"Iko."

"Njo vile. Acha polepole, haiko nyavu ya kutupa mu maji!"

"Weye chapa, acha kelele," Mama alijibu, na wote wawili wakacheka, karatasi ikiwa bado hewani.

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Karatasi zililoweshwa kidogo kabla ya kuchapwa, na zilipaswa kubaki na unyevu huo huo chini ya plastiki mpaka rangi ya mwisho. Tantine alitufundisha hivi: "Batoto, karatasi iko sawa na mutu. Kama inakauka, inakonda."

Mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, walichapa nyeusi Jumamosi. Nyekundu ingefuata Jumatatu. Jumapili homa ilimpanda Mama, Baba akampakia kwenye baiskeli kwenda kituo cha afya. Jioni walimrudisha amefunikwa. Mdogo wangu wa mwisho, Kaoma, alikuwa bado ananyonya.

Nyumba ilijaa watu. Majirani walifagia, walipika, walilala sakafuni nasi. Walipokuwa wakipanga vyumba wakazikuta karatasi chini ya plastiki, zimelowa. Sasa, mtu wa Kabuta akiona kitu kibichi kimefunikwa hufanya nini? Hukiokoa kabla hakijaoza. Walizibeba moja moja kwa uangalifu mkubwa, wakaziweka juani kwenye chanja za samaki, na mawe madogo juu yake zisipeperuke.

Tantine alizikuta zimekauka kama chisense. Aliketi chini, kitenge usoni.

"Tulitaka zisioze," alisema BanaMutale, jirani yetu. "Ni kazi ya mwisho ya marehemu."

Tantine alimshika mkono. "Munafanya muzuri, bamama. Haiko kosa yenu."

Mazishi yalipopita alizilowesha tena, akazifunika, akangoja. Mimi sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa picha za Mama zimalizike. Tantine aliniita, akanisimamisha mahali pa Mama. Kwa mara ya kwanza nikashika kona.

"Chola, kona iko?"

Nilitazama sana. Karatasi ilikuwa imekaa ndani ya alama barabara. "Iko, Tantine."

Na kweli, karibu na kona rangi zilikutana vizuri. Lakini karatasi ikishakonda hairudi yote. Kadiri picha ilivyokwenda mbali na mkono wangu ndivyo nyekundu ilivyoikimbia mistari, mpaka kitenge kikamvuka mtoto na kuning'inia hewani. Kati ya mgongo wa mama na mtoto pakabaki ufa mweupe, mwembamba kama unyasi.

"Tuchape ingine?" niliuliza.

Zote zilitoka vile vile. Tulizigawa hivyo hivyo, na hakuna nyumba iliyokataa. Siku zile za Krismasi nilizunguka na Kaoma mgongoni, nikikaza kitenge mara kwa mara hata pasipo haja.

Yetu bado iko ukutani kwangu. Juzi binti yangu aliipiga picha kwa simu. Watoto hawa picha isiyonyooka huifuta papo hapo, wala hawaiulizi ilitoka wapi. Huyu hakuifuta. Aliinama, akachezesha kidole kwenye kioo cha simu, kisha akanionyesha, uso ukimng'aa.

"Mama, ona, nimewaunganisha."

Ufa haukuwapo. Kitenge kilimkumbatia mtoto kama kilivyochongwa kufanya. Kidole kimoja, kwa muda wa kupiga chafya. Sisi tulikuwa mikono minne juu ya karatasi ile, na tulishindwa.

"Asante, mwanangu," nilimwambia. "Umeweza."

Alikwenda zake kucheza. Mimi nikasogea ukutani, nikaweka kidole kwenye kona ile ya karatasi tuliyoishika Mama na mimi, mahali ambapo rangi bado zinakutana.