Kanga Niliyomfunika Mbwa

Mbwa wetu hakuwa na kichaa. Naliandika hilo kwanza, kwa sababu siku ile nililisema mbele ya wanaume wazima na hakuna aliyenisikiliza.

Alimng'ata binti yangu mguuni kwa sababu binti yangu alimkanyaga akiwa anakula. Basi, ni hivyo tu. Nilikiosha kidonda kwa sabuni kwenye maji ya mfereji mpaka mtoto akachoka kulia, kisha nikashuka kwa bwana mifugo. Akanieleza vizuri kabisa: mfungeni, msimpige, kesho nitapanda kumwangalia. Akionekana mzima tutamweka siku kadhaa tukimtazama, na akibaki mzima mtoto hatahitaji sindano. Sindano zenyewe zilikuwa za tumboni, kuzunguka kitovu, nyingi, na kila moja ni safari ya Moshi mjini. Binti yangu hata kusema vizuri alikuwa bado.

Kwa hiyo mwanangu angeepuka sindano zile iwapo mbwa angebaki hai. Kila mtu nyumbani alilijua hilo.

Shida ni kwamba mbwa yule hakuwapenda wanaume wanaonuka dawa ya ng'ombe. Nikauliza kama kuna dawa ya kumtuliza. Bwana mifugo akacheka. "Mama, hizo zilikuwa enzi za serikali kutuletea. Siku hizi ni soko huria. Ukiiona dukani, ninunulie na mimi."

Sikuhitaji dawa. Tangu akiwa mdogo nilimtoa kupe kwa njia moja tu: nachukua kanga niliyolala nayo, namfunika macho, namkalisha kati ya magoti yangu, namkuna nyuma ya sikio huku nikimnong'oneza upuuzi wowote. Anatulia. Nikawaambia wote nyumbani: asiguswe na mtu mpaka nimalize kukamua.

Nilipotoka bandani na ndoo ya maziwa, mbwa alikuwa miguu ya mbele inakwenda Machame, ya nyuma inakwenda Rombo. Mate yanamchuruzika. Bwana mifugo alikwisha fika, amejibanza nyuma ya mti wa kahawa, na majirani wamekuja na fimbo.

"Ameanza lini hivi?" akauliza.

Niliweka ndoo chini, nikamkimbilia na kanga yangu. Akalala mapajani mwangu kama mtoto. Alinuka mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kwenye ndevu zake kulikuwa na machicha ya ulezi, nayaona kwa macho yangu.

"Huyu amelewa," nikasema. "Njoo unuse mwenyewe."

"Nimnuse mbwa mwenye kichaa? Na mimi nina watoto, mama."

Nikamtazama baba mkwe. Alikuwa mzee wa kanisa, na usharika mzima ulijua pombe haikanyagi kwake.

"Mbege?" akasema. "Kwenye mji huu? Mwanangu, maneno gani hayo?"

"Labda alikwenda kilabuni mwenyewe," jirani mmoja akasema, wakacheka.

"Baba, msubirini mpaka jioni tu. Pombe itamtoka."

Mama mkwe akanishika mkono. "Unambishia baba yako mbele za watu?" Akanivuta mpaka jikoni. Na mimi na kidato cha nne changu nikavutika. Fimbo nilizisikia nikiwa huko. Mbwa hakubweka hata mara moja.

Hospitalini baba mkwe alikuja nasi, akang'ang'ania kumbeba mtoto mwenyewe tangu barabarani. Nesi akauliza mbwa yuko wapi. Nikamwambia ameuawa. Akauliza alikuwa na dalili gani. Nilifungua mdomo, lakini baba mkwe akanitangulia.

"Alikuwa amelewa." Alikuwa anaitazama kofia yake. "Nilimpa mbege mimi. Nilifikiri atatulia, asimrarue bwana mifugo."

"Kwa hiyo mbwa alikuwa mzima, mzee?"

"Nadhani alikuwa mzima."

"Mzee wangu, shikamoo, lakini kwa kudhani siwezi kumrudisha mtoto nyumbani. Mngemwacha yule mbwa hai, leo msingekuwa hapa."

Kumbe ulimi alikuwa nao! Mbele ya wenye fimbo haukufunguka, ukafunguka kwa mgeni, wakati haumsaidii tena mbwa wala mtoto. Nilikuwa na maneno ya kumtosha siku nzima. Lakini mtoto alikwisha lazwa kitandani, gauni limepandishwa, anatetemeka.

"Mshikeni," nesi akasema.

Baba mkwe akashika miguu. Nikavua kanga begani, nikamfunika mwanangu macho, nikamkuna nyuma ya sikio, nikamnong'oneza upuuzi uleule. Kidogo kidogo akatulia.

"Mama," akasema chini ya kanga, "inanuka mbwa wetu."

Baba mkwe akaiachia miguu akatoka nje. Ikabidi nimshike peke yangu.