Pindo la Gauni la Mama Ciru

Priscah alikuwa bingwa wa kusugua. Kwao, kijiji cha Ziwa, alisugua mikebe ya maziwa tangu utotoni, juu, chini na kuzunguka, mpaka ing'ae. Sasa, katika maabara ya chuo mjini Eldoret, bidii hiyohiyo ilikuwa ikimponza na yeye hana habari.

Utafiti wake ulihusu ule umajimaji ulio ndani ya skrini za simu. Chembe zake ni kama vijiti vinavyopenda kulala upande mmoja, ila joto haliviachi vitulie. Ukiuweka kati ya vioo viwili vilivyosuguliwa kwa kitambaa laini, vijiti vilivyo karibu na kioo hushikwa vikatulia, na vyenyewe huvituliza vya katikati. Vya Priscah havikutulia. Kila akichungulia kwenye hadubini aliona mabaka yanayometameta ovyo. Vioo vilibaki jozi moja, na baba yake alishasema, "Mwaka huu ikikataa, rudi tukamue ng'ombe."

Kitambaa alipewa na Mama Ciru, mwenye duka wa mtaa wa Munyaka aliyempangisha chumba. Mama huyo alikata pindo la gauni lake la mahameli, lile la Jumapili, bila kusitasita. "Si ni ya masomo? Chukua."

Jumapili walikaa pamoja kanisani, gauni likiwa limepungua urefu. Mahubiri hayakuwa na dalili ya kwisha. Mama Ciru akapitisha kiganja pajani, mahameli ikalala na kung'aa. Akarudisha mkono, ikasimama na kufifia. Priscah akaacha kusikiliza. Kumbe alikuwa akisugua vioo huku na huku, kama mikebe, kila msuguo ukivuruga kazi ya ule uliotangulia. Aliona aibu, kisha akabana kicheko.

Kesho yake alisugua jozi ya mwisho upande mmoja tu, akiinua mkono kila ulipofika ukingoni. Akachungulia: hakuna baka. Alipozungusha kioo, kila mahali pakaingia giza kwa pamoja, pakawaka kwa pamoja. Kumetameta kwa joto tu ndiko kulikobaki, tena kidogo sana. Msimamizi wake, Prof Njenga, alitazama kwa muda. "Hii sasa iko sawa. Enda uandike thesis."

Jioni akaenda dukani, moyo umejaa shukrani hadi maneno aliyoyapanga yakapotea. "Mama, ile kitambaa yako..."

Mama Ciru hakungoja amalize. Alishavuta mkasi chini ya kaunta. "Imeisha? Usijali, gauni bado ni ndefu."

Priscah akamshika mkono, akalia.