Dusabe na Mbio za Mikungu Nyaishozi

Akili za Dusabe zimetoka upande wetu. Mimi mjomba wake niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa wa tatu kutoka juu, na waliobaki wa kunibishia ni wachache.

Binti huyu asubuhi yuko kwenye maharage, mchana anatengeneza simu pale senta ya Nyaishozi. Mwaka jana, kwenye mbio za baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, alipewa kazi ya kuonyesha kwenye skrini nani anaongoza. Kompyuta yake iliandika kila mzunguko kwenye diski, kisha ikasoma orodha nzima na kuipanga upya. Jina lilipanda dakika mbili baada ya mtu kupita. Tukambeba mabegani mtu wa nne, tukidhani ndiye mshindi. Mimi nilishika mguu.

Mwaka huu mwenyekiti wa mbio, Mzee Projestus, akamwambia, "Ukikosea tena, mwanangu, tunarudi kwenye ubao na chaki."

Dusabe akaweka majina yote kwenye kumbukumbu ya ndani ya kompyuta, yakakaa humo yamekwisha kupangwa. Mzunguko ukiingia, jina moja tu linahama, mengine yanatulia. Waendeshaji walikuwa sitini, na skrini haikuachwa nyuma hata kidogo.

Ukabaki mzunguko mmoja. Dastan wa Nyakahanga na Twagirayezu, kaka yake Dusabe, wamelingana, mizunguko kumi na moja kila mmoja. Sote tulimwona Dastan akitangulia kupita. Skrini ikamweka Twagirayezu juu.

"Kumbe mashine ni ya familia," mtu akasema nyuma yangu. Watu wakacheka, lakini si kwa uzuri.

Dusabe akachukua kipaza sauti. "Wana haki. Kosa ni langu. Mashine inahesabu mizunguko tu. Wakilingana, inawapanga kwa herufi, na nilivyoiweka, T inakaa juu ya D. Narekebisha sasa hivi."

Nikamnong'oneza, "Ngoja basi kaka yako amalize."

"Mjomba, naomba ukakae kivulini."

Akaunganisha mizunguko na saa ya kufika, ili wakilingana, aliyetangulia awe juu. Jina la kaka yake likashuka mama yao akiliangalia.

Mwishoni Dastan alitangulia tena, kwa urefu wa baiskeli moja tu, na skrini ikamtaja kabla hajashika breki. Mzee Projestus akasoma matokeo hapo hapo bila kumuuliza mtu.

Twagirayezu akaja anahema. "Amenizidi kiasi gani?"

"Nusu sekunde, kaka."

Akaitazama skrini, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kufungua kamba za mkungu wake.