Korongo Limemwangukia Zuhura

"Babu, korongo limemwangukia Zuhura!"

Hivyo ndivyo alivyopiga kelele mtoto wa jirani leo asubuhi, hapa Kitangari.

Zuhura ni mjukuu wangu. Alikuwa amekwenda kuteka maji, na mvua ya jana imelegeza kingo za korongo lililo njiani.

Nilikimbia pekupeku. Nilikuta udongo mbichi umeporomoka. Nikaanza kuufukua kwa mikono, huku nikimwita.

Nikazidi kufukua.

Mama Saidi akapita na ndoo kichwani. "Mwalimu, unafukua nini humo? Mjukuu wako yuko bwawani na ndege wake!"

Ndege! Kumbe ni korongo mwenye mabawa, si korongo la udongo! Basi si mtoto yule angesema "amemwangukia"? Ndugu zangu, upatanisho wa kisarufi nusura uniue.

Bwawani nilimkuta Zuhura mzima. Kando yake alilala ndege wa rangi ya waridi, miguu mirefu, mdomo uliopinda, hoi kwa uchovu. Watoto wengine walikuwa wameshika mawe.

"Huyu si korongo, ni heroe," niliwaambia kwa sauti ya darasani. "Amepotea njia kutoka pwani. Wekeni mawe chini. Msimguse. Rudini nyuma, mnyamaze, apumzike."

Wakarudi nyuma. Zuhura amekataa kuondoka.

"Nikitoka watampiga, Babu."

Kwa hiyo tumekaa naye hapa. Mbwa wameanza kubweka ng'ambo ya bwawa.

Mwenye kumfahamu bwana wanyamapori wa Newala, tafadhali ampigie simu sasa hivi.