Samaki wa mto Kongo niliowagawa kama sambusa za Idi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, kama wamebaki, shikamooni.

Haya yamenitokea mwenyewe. Kwa umri huu uongo unanichosha, maana inabidi uukumbuke.

Naishi Adelphi, huku ughaibuni, ghorofa ya tatu, lifti inafanya kazi ikipenda. Shule niliishia la nne, mtanivumilia.

Jirani yangu Papa Jules, Mkongomani, alihamia state nyingine. Akaniachia tank na samaki kumi wa mto wa kwao, wanang'aa kama mafuta ya taa juu ya maji. Madukani huku huwapati ovyo.

Akaniambia, "Mzee, beko famille. Usibatenganishe."

Yaani hao ni familia moja, nisiwatenganishe. Nikadhani ni maneno ya kuagana. Papa Jules akiaga hulia hata na kochi.

Samaki wale wakigeuka, wanageuka wote. Tangu mama watoto afariki nilikuwa nakula nikiwatazama hao, TV nimezima.

Tatizo langu ni malezi. Kwetu mgeni akisifia kitu mara mbili, haondoki mikono mitupu. Bibi yangu aliwahi kutoa mlango, lakini hiyo tuiache.

Mama Neema wa Bladensburg akasifia. Nikamfungia watatu kwenye mfuko. Salehe, fundi AC wa Gaithersburg, ana tank kubwa, naye akasifia. Watatu. Nikajiona muungwana.

Nikabaki na wanne. Kesho yake wakajibanza nyuma ya filter, chakula kinaelea mpaka kinaoza. Rangi ikapauka kama kanga ya kudekia. Nikabadili maji, nikatia dawa, ndoo na magoti haya mnajua wenyewe.

Wiki ya pili mmoja akafa.

Nikampigia Mama Neema. "Baba, wawili walishakufa. Niliona aibu kukwambia, zawadi ya mtu." Nikampigia Salehe, wake nao wamejificha, hawali.

Ndipo maneno ya Papa Jules yakaniingia. Hawaumwi hawa. Wanaogopa, wamekuwa wachache.

Dawa ni kuwarudisha pamoja. Lakini wakuu, kudai zawadi irudi ni kuvua nguo sokoni. Siku tatu nashika simu, naiweka. Ya nne nikasema basi, kama siwezi kudai, naweza kutoa.

Nikawatia wangu watatu kwenye ndoo, nikampitia yule mmoja wa Bladensburg, Mama Neema mwenyewe kaomba nimchukue, ndoo nikaifunga mkanda wa gari, nikaingia barabara kuu ya I-270 taratibu. Watu walinipigia honi mpaka nikazoea.

Salehe mlangoni anacheka. "Mzee, umekuja kudai? Kitu ukishatoa umetoa."

"Sidai. Nimewaletea ndugu zao."

Tukawamimina. Tukainama kwenye kioo. Kisha mmoja akatoka kwenye mawe, akafuata mwingine, wakawa saba. Wakageuka pamoja.

Salehe akaacha kucheka. "Sasa wewe unabaki na nini?"

Nikamwomba chai.

Kesho yake nikajikuta nimevuta kiti mbele ya tank, sahani mkononi, maji matupu. Nikala hivyo hivyo.

Nilichojifunza: samaki wa kundi mpe mtu kundi zima, au mnyime, ubaya uishe.

Mwenye kujua wanapopatikana aseme hapa, ila wawe wengi. Na mkija kunitembelea karibuni sana, chai ipo. Ila msisifie kitu.